Kola za Daftari la Kijani

Ukimpa Bi Pindo nguo mpya, haitazami mbele. Huigeuza ndani nje, hulifunua pindo, huvuta uzi kwa kucha, ndipo aseme asante, kama atasema. Jina alilopewa na wazazi wake lilikwishasahaulika mtaani. Lililobaki ni hilo la utani, na lilimkaa sawasawa, maana hata maneno ya watu aliyageuza hivyo hivyo. Ukimwamkia asubuhi, alikuangalia kwanza ajue umekuja kuazima nini.

Basi siku kompyuta sita zilipoingizwa katika chumba kilichokuwa cha mashine ya kusaga, ng'ambo tu ya kibaraza chake cha kushonea, mguu wa Bi Pindo uliacha kukanyaga cherehani wenyewe. Akakaa akitazama. Wapakuzi walishusha maboksi, wakaondoka. Akabaki mwanamke mmoja mwembamba wa miaka thelathini hivi, mkoba begani, akifagia unga wa zamani ulioganda kwenye kuta. Alifagia mwenyewe, na Bi Pindo hakulipenda hilo. Mtu anayekuja na kompyuta sita halafu akashika ufagio ana lake jambo.

"Ni mwalimu," dada yake alimwambia. Dada mtu alikuwa ameketi chini, akitoa vifungo kwenye mashati makuukuu. "Atatufundisha bure. Kila nyumba ijiandikishe kiwanja chake kwenye intaneti kabla mwezi haujaisha. Isiyojiandikisha, ofisi ya ardhi itasema haina mwenyewe."

"Bure," Bi Pindo akasema. "Hata wewe walikuhamisha bure."

Dada mtu akarudi kwenye vifungo vyake. Miaka minane nyuma alikuwa na nyumba yake ya vyumba viwili, kule bondeni. Akaja bwana mmoja mwenye shati jeupe na karatasi. Dada hakujua kusoma, na yule bwana akamsomea vizuri kabisa, kwa sauti ya upole: ni hesabu ya watu tu, mama, weka dole gumba hapa. Kumbe ilikuwa ridhaa ya kuhama. Tingatinga lilipofika, sufuria ilikuwa bado jikoni. Tangu siku hiyo dada aliishi kwa mdogo wake, wakilala kitanda kimoja, huyu kichwa huku na yule kichwa kule, katika nyumba ambayo marehemu mume wa Bi Pindo aliijenga tofali kwa tofali. Hawakuwa na nyingine. Ikienda hiyo, wanawake wawili watu wazima wangekuwa barabarani na cherehani yao.

Na tangu siku hiyo Bi Pindo hakumruhusu mtu yeyote amsomee karatasi. Alisoma mwenyewe, polepole, midomo ikitembea. Akikuta neno asilolielewa, alirudisha karatasi na kalamu juu yake.

Siku ya tatu akaingia darasani. Hakwenda kujifunza. Alikwenda kumkamata mwalimu.

Wanafunzi walikuwa watu wa mtaa ule ule: mama muuza mkaa mwenye mdomo usio na breki, mzee fundi viatu, ambaye alipoambiwa asogeze kipanya alikinyanyua na kukibandika kwenye kioo, na wanawake wengine wa nyumba za jirani, viatu wameviacha mlangoni kama wameingia chumba cha mgonjwa. Mwalimu alipita nyuma yao kiti kwa kiti. "Bonyeza hapa, mama. Usiogope, haivunjiki." Sauti yake ilikuwa ya upole. Bi Pindo alikwishasikia habari za sauti za upole.

Akajifunza haraka kuliko wote, kwa sababu hakutaka kitu kimpite. Wenzake walipokuwa wakitafuta herufi kama watu wanaookota mchele uliomwagika, yeye alikwishajua kufunga ukurasa, kuurudisha, na kuangalia kama kuna mtu kaingia baada yake. Mwalimu alimsifu mbele ya darasa. Bi Pindo akajiuliza anasifiwa ili iweje.

Kujiandikisha kwenyewe hakukuwa kugumu. Unaandika jina, namba ya kiwanja, na namba ya simu. Ofisi ya ardhi inatuma tarakimu sita kwenye simu hiyo, unazijaza, imekwisha.

"Kila mtu atumie namba yake mwenyewe," mwalimu alisema, na akarudia tena na tena. "Asiye na simu atumie ya mtu wa nyumbani kwake. Tumeelewana?"

"Ndiyo, mwalimu," wakaitikia wote, mara moja, na hapo ndipo mwalimu angeshtuka kama angekuwa mwenyeji. Watu wa mtaa ule wakiitikia kwa pamoja, ujue neno lako limeanguka chini.

Maana mchana ule ule, kibarazani kwake, Bi Pindo alikuwa na darasa lake. "Mkimpa huyu namba zenu, mmemkabidhi nyumba. Kesho atapiga simu kwa kila mmoja kivyake, awadanganye mmoja mmoja. Wekeni yangu. Hizo tarakimu zitakuja kwangu, mimi nipo hapo hapo, nawatajia. Mimi mnanijua."

Walimjua kweli. Ndiye aliyewatunzia funguo wakisafiri, ndiye aliyewapima binti zao nguo za harusi na asitoe nje siri ya kiuno cha mtu. Tena wengi hawakuwa na simu, au walikuwa na simu ya mume ambayo mume aliondoka nayo alfajiri. Wakaiandika namba ya Bi Pindo viganjani kwa kalamu ya wino, wakaingia nayo darasani mikono wameifumba.

Mwalimu hakuona. Kila mtu alipofika pa kuandika namba ya simu, mwalimu aligeuza uso akatazama ukuta, kwa adabu, asije akaonekana anawachungulia. Bi Pindo alimwona akigeuka. Mbona anageuka? Anaficha nini usoni?

Akawa anakaa pembeni, simu mapajani, ikitetema kila baada ya dakika chache, naye akinong'ona tarakimu kwa aliyesubiri. Kazi hiyo ilimpendeza kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Alikaa wima. Alijiona mlinzi wa mtaa mzima.

Kilichomnyima raha ni daftari. Mwalimu alikuwa na daftari kubwa la jalada la kijani, na kila mwanafunzi alikuwa na ukurasa wake: jina, namba ya kiwanja kama anacho, siku alizohudhuria, siku aliyomaliza kujiandikisha. Mwisho wa kila kipindi ulitakiwa kutia sahihi, na asiyejua kuandika aliweka dole gumba.

Dole gumba! Bi Pindo alipomwona dada yake akiinamia kidau cha wino, kidole tayari, aliikumbuka karatasi ya bondeni. Akamshika mkono.

"Hilo la nini?" akamuuliza mwalimu.

"Kumbukumbu tu, mama. Kompyuta inaweza kusahau. Daftari halisahau."

"Kumbukumbu yako au yetu?"

Mwalimu akacheka, akidhani ni mzaha. Dada mtu akauvuta mkono wake, akaweka dole gumba lake barabara. "Niache," akamwambia mdogo wake kwa sauti ya chini. "Safari hii najua ninachokiwekea."

Siku mbili baadaye ndipo Bi Pindo alipopata alichokuwa akikitafuta. Alikuwa anakwenda kumwaga maji nyuma ya chumba cha mashine. Mwalimu alikuwa upande wa pili wa ukuta, anaongea na simu, na maneno yalipita dirishani yote. "Wamebaki kumi tu. Wakishamaliza hao, njooni na gari mbebe vyote. Ndiyo, vyote, kisibaki kitu."

Bi Pindo akasimama na ndoo tupu mkononi. Mbebe vyote. Aliiona sufuria ya dada yake juu ya jiko, na ukuta ukiiangukia.

Hakumwambia mtu. Kesho yake, saa tano asubuhi, wa mwisho wa wale kumi alipokwisha kutia sahihi, umeme ukakatika, darasa zima likatoka nje kupunga upepo, na mwalimu akatoka kumsaidia fundi viatu kushuka ngazi. Daftari la kijani lilikuwa juu ya meza. Bi Pindo akalitia ndani ya furushi la vitambaa, akavuka njia, akaingia ndani kwake na kufunga mlango kwa komeo. Hakuwahi kuiba hata sindano.

Akautafuta kwanza ukurasa wake mwenyewe. Ulikuwepo: jina lake lote, lile la wazazi, na namba ya kiwanja, na sahihi zake chini zimepangwa kama mishono. Akaung'oa, akaukunja, akawashia jiko. Ulipokwisha kuwa majivu akapumua.

Na zilizobaki angezichoma pia, lakini alizipapasa. Karatasi nzuri, nzito, haikunjiki ovyo. Mwezi huo alikuwa na mashati ya shule ya kushona, na vielelezo vyake vya zamani vya kukatia kola vilikuwa vimechakaa. Ubahili ukaishinda hofu. Akachukua mkasi, akakata: hapa kola, hapa mfuko, hapa mwisho wa mkono wa shati. Akavitundika msumarini nyuma ya cherehani, maandishi yakiwa yameelekea ukutani. Jalada la kijani akaliweka chini ya godoro.

Mwalimu alilitafuta daftari mpaka kwenye boksi la taka. Aliuliza kiti kwa kiti. Uso wake ulikuwa umesawijika. "Kama kuna aliyelichukua kwa bahati mbaya, tafadhali," alisema. Bi Pindo alimtazama jinsi alivyokosa amani, akajiambia: nimekushika pabaya.

Wiki mbili zikapita. Hakuna gari lililokuja kubeba nyumba. Kisha ofisi ya mtaa ikabandika orodha ubaoni.

Bi Pindo alikuwa anatia kifungo alipoona vivuli vimejaa kibarazani. Wanawake walikuwa wamesimama, na hakuna aliyemwamkia. Hata muuza mkaa alikuwa kimya, na hilo ndilo lililomtisha.

"Karibuni," akasema.

"Tukaribie wapi?" muuza mkaa akauliza. "Tuko kwako tayari. Sote tuko kwako. Nenda kasome ubaoni."

Akaenda, wakamfuata nyuma. Akasoma mwenyewe, midomo ikitembea. Viwanja thelathini na kimoja, na mbele ya vyote mmiliki ni mmoja: jina lake, lile la wazazi, na namba yake ya simu. Mashine za ofisi ya ardhi ziliihesabu namba moja ya simu kuwa mtu mmoja, na mtu wa kwanza kuitumia namba ile alikuwa yeye.

"Sikujua," akasema. "Wallahi sikujua."

"Mtu mjanja kama wewe?" muuza mkaa akamjibu. "Wewe unayegeuza hata nguo ya zawadi? 'Wekeni namba yangu, mimi mnanijua.' Tulidhani tunakujua."

Maneno yale yalikuwa yake. Ndivyo ambavyo yeye mwenyewe angesema, kwa sauti ile ile, angekuwa amesimama upande wa pili.

Mwalimu aliitwa, akaja na simu sikioni, anaongea na ofisi ya ardhi. Akawakusanya katika chumba cha mashine. Alikuwa amechoka, lakini alieleza polepole, kitu kimoja baada ya kingine. Ofisi imeona ni udanganyifu. Ndani ya siku saba viwanja vyote vya namba ile vitafutwa, pamoja na cha Bi Pindo mwenyewe, na kufutwa ni sawa na kutokujiandikisha. Watarudishwa tu wale watakaoonyesha ushahidi wa siku ile: nani alijiandikisha, kiwanja gani, sahihi iko wapi.

"Daftari lingetosha," akasema. "Nililiweka kwa ajili ya siku kama hii. Lina sahihi zenu zote."

Fundi viatu akavua kofia, akaishika.

"Na lile gari?" Bi Pindo akauliza ghafla. "Uliwaambia waje na gari wabebe vyote. Nilikusikia kwa masikio yangu."

Mwalimu akamtazama bila kuelewa, kisha akaelewa. Akazionyesha kompyuta kwa mkono. "Hizi, mama. Mtaa wa pili wanazisubiri mpaka leo, gari lao ni bovu."

Bi Pindo akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu. Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyejua. Daftari lingebaki limepotea, na angalau wangemwona mjinga tu, si mwizi. Lakini dada yake alikuwa amesimama pembeni yake, na dada yake akamwinamia sikioni.

"Sijui kusoma," akamnong'oneza, "lakini najua karatasi iliyoandikwa. Zile kola zako zina maandishi."

Alikuwa anajua wiki mbili zote, na alikuwa amenyamaza akimsubiri. Bi Pindo aliona aibu mpaka shingo ikawaka. Akapiga moyo konde, akainuka, akavuka njia mbele ya macho ya watu wote. Akarudi na fungu la karatasi zilizotungwa kwenye uzi, na jalada la kijani kwapani.

"Niliiba mimi," akasema. "Nilidhani ni ile karatasi ya dada yangu imerudi. Mwalimu hana kosa. Nimekata kola, lakini sikutupa hata kipande, naapa. Nikikata huwa situpi."

Najua mtauliza alitukanwa kiasi gani. Alitukanwa. Muuza mkaa peke yake alitosha kwa mtaa mzima, na hakuna haja ya kuyaandika hapa. Bi Pindo aliyasikiliza yote akiwa amesimama. Matusi yalipoisha, mwalimu aliinama akaanza kutandaza vipande sakafuni.

Basi wakapiga magoti wote. Kola na kola, mfuko na mfuko, kingo kwa kingo, wakiunga kwa gundi ya karatasi. Bi Pindo ndiye aliyejua mkasi ulipita wapi. "Hicho kinaungana na kile cha mkono. Kigeuze. Hapana, upande wa pili." Wakamsikiliza, kwa kununa. Ukurasa wa fundi viatu ulipatikana nusu kwenye kola na nusu kwenye mfuko.

"Nimewahi kusikia mtu kala nyumba," mzee akasema, "lakini kuivaa shingoni, hii ya kwanza." Mtu mmoja akacheka, kisha akajikuta yuko peke yake, akaacha.

Kurasa thelathini za wenye viwanja zikakamilika. Dole gumba la dada mtu nalo likaonekana katika ukurasa wake usio na namba ya kiwanja. Mwalimu akahesabu, akahesabu tena.

"Wako uko wapi, mama?"

"Niliuchoma," Bi Pindo akasema. "Wangu ndio niliouanza."

Hapo ndipo alipoelewa mwenyewe. Alikuwa ameiwashia jiko nyumba ya mume wake. Akamtazama dada yake, na dada yake alikuwa anatazama chini.

"Sasa sisi tutajuaje kama ulijiandikisha hapa kweli?" muuza mkaa akauliza. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayevuta uzi wa pindo kwa kucha.

"Nilimwona mimi," mwalimu akasema. "Siku ya tano, kiti cha pembeni. Alinitazama mimi kuliko alivyotazama kioo." Akachukua karatasi safi, akaandika mistari kadhaa, akaandika jina lake chini na sahihi yake. Kisha akaisukuma mbele ya Bi Pindo pamoja na kalamu. "Mkaaji mmoja wa hapa naye aweke sahihi kuwa anakufahamu. Na wewe utie yako. Soma kwanza, mama."

Bi Pindo akaishika karatasi. Kwa nini anisaidie, akajiuliza, mtu niliyemwibia? Tabia ni ngumu. Akaanza kusoma, midomo ikitembea, jina lake, namba ya kiwanja, siku. Na katikati ya mstari wa tatu machozi yakamjaa, herufi zikaogelea. Akajifuta. Zikaogelea tena. Miaka minane hakuwahi kumpa mtu karatasi yake.

Akamnyooshea muuza mkaa.

"Nisomee."

Muuza mkaa hakuipokea upesi. "Nisome kilichoandikwa, au nikusomee ninachotaka mimi?"

"Soma unavyoona wewe."

Muuza mkaa akaipokea, akaipeleka karibu na dirisha. Akasoma kwa sauti, neno kwa neno, akipitisha kidole chake cheusi chini ya kila mstari, na kila kilipopita kiliacha alama. Dada mtu alikuwa ameinua uso, anasikiliza. Muuza mkaa alipofika mwisho akarudi juu akasoma tena yote, sawasawa na mara ya kwanza. Kisha akachukua kalamu, akaandika jina lake panapoandikwa mkaaji, akamrudishia Bi Pindo karatasi bila kumtazama.

Bi Pindo akatia sahihi yake pembeni ya alama ya mkaa.